Kijana wa Jumamosi Usimfukuze Bado

Voi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako baada ya ibada, na nimeona heri nikuandikie kuliko kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu tungebishana na haya mambo yanataka utulivu. Unasema yule kijana wa Jumamosi anakudharau. Ukimwambia aimbe anatazama dirisha, na usiku mama yake anakuuliza mbona mwanawe bado hajawa tayari kwa mashindano. Unataka kumwambia asirudi tena. Umenitajia pia dada wa kanisani anayebishana na kila neno lako, na msichana wa Kayole ambaye kila wiki anakuja bila mazoezi. Kisha umeuliza, “Shangazi, wewe uliwezaje na watu hawa hapo Donholm?”

Nakujibu kwa urefu. Chumba hicho cha kufundishia uimbaji nilikuachia nikikipenda, na sitaki kikuchoshe kabla hujakifahamu.

Jambo moja kwanza, kwa maana mengine yote yanatoka humo. Mwanafunzi wa piano akikosea, mwalimu anaweza kuonyesha kidole, na wote wawili wakakitazama hicho kidole. Kwetu sisi hakuna kitu cha kuonyesha. Chombo ni mwili wa mtu, kiko kooni mwake, na kinafanya kazi kwa pumzi yake. Ukimwambia “hapo umekosea”, anachosikia ni kwamba yeye mwenyewe ana kasoro. Ndiyo maana wengi tunaowaita wakorofi ni watu wanaojikinga, na kila mtu hujikinga kwa silaha aliyonayo: mmoja hunyamaza, mwingine hubishana, mwingine hucheka hovyo, mwingine huchelewa kila wiki ili somo liwe fupi. Kazi yako ni kuzungumzia sauti, na sauti peke yake. Sema noti ilishuka, pumzi iliisha kabla ya mstari kuisha, taya lilibana. Usiseme “wewe huwa mvivu wa kupumua”, usiseme “una kiburi”. Hayo ya mtu mwachie mtu. Ukishika hilo utaona ukorofi mwingi unakosa pa kusimama.

Sasa kijana.

Uliniambia ana miaka 14, na kwamba mwaka jana alikuwa na soprano safi iliyomfanya mama yake amlete kwako. Mimi ningeanzia hapo hapo. Mvulana wa umri huo koo lake linajengwa upya. Kikoromeo kinakua upesi, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na atakapokuwa mtu mzima zitafika kati ya milimita 17 na 25 hivi, wakati za mwanamke kwa kawaida hazizidi 17 au 18. Sauti yake ya kuzungumza itashuka karibu oktava nzima, na haishuki kwa mpango. Wiki hii ana noti sita anazoziamini, wiki ijayo mbili kati ya hizo hazipatikani, na katikati kuna pengo ambapo hutoka hewa tupu au mlio unaopasuka. Misuli iliyozoea kushika nyuzi fupi sasa inashika nyuzi ndefu, na akili bado inatuma amri za mwaka jana. Hakuna alichofanya vibaya.

Kisha ujiweke mahali pake. Kanisa zima lilikuwa likimsifu kwa sauti hiyo. Leo mama yake amekaa pembeni, mwalimu ameweka mikono kwenye kinanda, na yeye hajui ni mlio gani utakaotoka akifungua mdomo. Akiimba atachekwa, akikataa ataambiwa hana adabu. Akachagua kutazama dirisha. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya heshima kabisa ya kukataa, na mtoto aliyeichagua hastahili kufukuzwa.

Jumamosi ijayo usiuguse wimbo wa mashindano. Mwombe mama akae nje ya chumba, mlango ukiwa wazi. Mwambie kijana ahesabu moja hadi kumi kwa sauti yake ya kuongea, halafu wewe uitafute kwenye kinanda noti anayozungumzia. Kutoka hapo pandisheni nusu hatua kwa nusu hatua, kwa “mu” ndogo isiyo na nguvu, kisha mshuke. Andika kwenye daftari noti ya chini na noti ya juu zilizotoka bila kukwaruza, uweke tarehe, umwonyeshe. Wiki inayofuata pimeni tena. Nimeona woga ukipungua kijana anapogundua kwamba linalomtisha linaweza kuandikwa kwenye karatasi na kufuatiliwa. Mwambie pia ukweli wote, kuwa sauti ya mwaka jana hairudi na nyingine inakuja, na kwamba hakuna anayejua bado kama itakuwa tenor au besi. Ukimdanganya kwamba ataimba tena kama zamani, atajua siku si nyingi, na hapo ndipo dharau ya kweli itakapoanza.

Ukihitaji wimbo, tumia wimbo wa taifa. Mtoto wa Kenya ameuimba Jumatatu na Ijumaa bendera ikipandishwa, hauonei haya wala haudhanii ni mtihani, nawe unaweza kuuhamishia ufunguo wowote anaouweza siku hiyo. Msimulie ulikotoka. Mwaka 1963 wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kuutayarisha, na tuni waliyoichagua ilitoka katika wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Wengi wa vijana hawajui hilo, na wavulana hasa hushangaa kwamba wimbo wanaousimamia wima ulianza kwa mama anayembembeleza mtoto. Mtu aliyenuna akiuliza swali, hata kama swali halihusu sauti yake, somo limeshaanza.

Na wasichana nao usiwasahau. Sauti zao hubadilika katika umri huo huo, ila kwa unyamavu zaidi: hewa nyingi huvuja, noti za katikati hudhoofika, na sisi walimu huwaambia “toa sauti” kana kwamba wameificha.

Kuhusu mama wa yule kijana. Usimjibu usiku, na usimjibu kwa kujitetea. Asubuhi mwandikie hivi: “Habari za asubuhi, mama. Sauti ya kijana wetu inabadilika kama inavyopaswa katika umri wake. Kwa miezi kadhaa sitamfundisha nyimbo za juu, ili asiumie. Naomba tuzungumze Jumamosi baada ya somo nikuonyeshe tunachokipima.” Basi. Mama wa namna hiyo huwa na hofu kwamba fedha zake zinapotea, na akiona daftari lenye tarehe atatulia kuliko akiona hoja zako. Akisisitiza mashindano, mkumbushe kwa upole kwamba Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927 na litakuwepo mwakani na mwaka ule mwingine, lakini koo la mwanawe linapita katika hatua hii mara moja tu.

Hapo nataka kusema jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Wewe ulilelewa na tamasha hilo kama nilivyolelewa mimi. Tumekua tukiona mwamuzi akipanda jukwaani na kueleza makosa ya kwaya mbele ya ukumbi mzima, na kwa mashindano ni sawa, kila mtu amekuja akijua atahukumiwa. Ila desturi ile imeingia hadi kwenye mazoezi. Viongozi wa kwaya husimamisha wimbo, humnyooshea mtu kidole, humwamuru aimbe peke yake huku wengine wakicheka. Watu wazima wengi waliokuja kwangu wakisema “mimi sauti sina” walikuwa na siku kama hiyo katika utoto wao, na walikumbuka hata kiatu alichovaa aliyewacheka. Fimbo iliondolewa katika shule zetu mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikaongeza kwamba mwanafunzi asiteswe kimwili wala kiakili. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya shule, nawe una chumba kimoja cha kukodi, lakini mtoto anayeingia humo ni yule yule aliyetoka shuleni Ijumaa. Usimwimbishe mtu peke yake mbele ya mwenzake kama adhabu. Usimwigize anavyokosea ili acheke, hata kama mnaelewana.

Dada wa kanisani ni kesi tofauti, na yeye ndiye anayenitia wasiwasi zaidi ya hao wengine.

Unaandika kwamba Jumatatu sauti yake inakwaruza, kwamba ukimwambia ashushe ufunguo anakwambia waumini hawatabarikiwa, na ukimwambia apunguze nguvu anasema yeye anaongozwa na Roho. Tazama wiki yake. Alhamisi mazoezi, Ijumaa kesha, Jumapili ibada mbili akiwa ndiye anayeongoza sifa. Spika kubwa zinawatazama waumini, yeye yuko nyuma ya spika hizo hajisikii, kwa hiyo anasukuma ili ajisikie. Noti ya La ambayo okestra huitumia kupatanisha ala ni mitikisiko 440 kwa sekunde, maana yake nyuzi za dada huyo zinagongana mara 440 kila sekunde anapoishika. Hata ukichukua noti ya chini kidogo ya hapo, saa moja ya kuimba mfululizo inapita migongano milioni moja. Na hapo hujahesabu kusalimiana na watu nje ya kanisa baada ya ibada.

Kwa hivyo anapobishana nawe kuhusu ufunguo, anatetea nafasi yake. Akishusha wimbo, labda kuna mwingine katika kikundi anayeweza kuupandisha. Muulize swali moja, kwa utaratibu, bila kumkabili: “Dada, ukipumzika Jumapili mbili, nani anashika?” Jibu lake litakuonyesha anachokiogopa. Usiingie katika mjadala wa imani. Akisema Roho amemwongoza, mwambie unaiheshimu imani yake, kisha mrudishe kwenye mstari wa wimbo, pale pumzi inapokwisha. Na kuhusu ufunguo mweleze kuwa wimbo aliousikia kwenye rekodi uliwekwa mahali panapomfaa aliyeurekodi, na yeye ana koo lake. Hata mitihani ya sauti ya ABRSM, ambayo vijana wa Nairobi huifanya kila mwaka, humruhusu mwimbaji kuimba nyimbo nyingi katika ufunguo unaomfaa. Ikiwa bodi ya Uingereza yenye masharti yote yale haioni kosa, kanisa la mtaani haliwezi kuona kosa.

Lakini ukwaruzaji huo ukiwa umezidi wiki tatu, mazungumzo yanakwisha. Anahitaji kumwona daktari wa masikio, pua na koo, atazamwe nyuzi zake, na wewe hutamfundisha kuimba hadi aonwe. Usimtajie ugonjwa wowote, maana wewe si daktari na neno moja la kubahatisha linaweza kumnyima mtu usingizi. Sema tu: “Siwezi kukufundisha juu ya koo ambalo halijapimwa. Malipo ya mwezi huu yatangoja mpaka urudi.” Atakasirika. Mwache akasirike.

Ukitaka ujasiri wa kusema hivyo, mkumbuke mwalimu wa uimbaji Manuel Garcia. Mwaka 1841, huko Paris, aliendewa na Jenny Lind, msichana wa Sweden aliyekuwa tayari na jina kwao, sauti yake ikiwa imechoka kwa kuimba opera bila kupumzika. Garcia hakumpa zoezi hata moja. Alimwambia asiimbe na azungumze kwa nadra kwa muda wa wiki sita, ndipo arudi amsikilize. Alirudi, akasoma kwake karibu mwaka mzima, na baadaye majumba ya Ulaya na Marekani yakajaa watu waliotaka kumsikia. Garcia huyo huyo ndiye aliyetumia vioo viwili na mwanga wa jua, mwaka 1854, kuzitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Mtu mwenye hamu kiasi hicho ya kujua sauti hakuona haya kumwambia mwanafunzi mwenye kipaji kwamba leo hakuna somo. Mimi humheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa vioo vyake.

Huyo msichana wa Kayole hukuniambia anakaa vipi, na nadhani hukumuuliza. Muulize anafanyia mazoezi wapi. Katika Eastlands swali hilo linajibu mengi. Kama kwao ni chumba kimoja, wadogo zake wanafanya kazi za shule mezani, na ng’ambo ya ukuta kuna jirani anayelala mchana kwa sababu ni mlinzi wa usiku, ukimpa mazoezi ya nusu saa ya kupanda na kushuka hakuna mahali atakapoyafanyia. Mpe ya mrija: achukue mrija, auweke ndani ya glasi yenye maji kidogo, apulize huku akitoa sauti, viputo vitoke sawasawa, apande na kushuka hapo hapo. Zoezi hilo halina kelele, tena linapunguza kugongana kwa nyuzi huku likijenga pumzi, ndiyo maana hata matabibu wa sauti hulitumia. Kuvumisha akiwa amefunga midomo anaweza hata ndani ya matatu ya kwenda mjini, ambayo muziki wake hauruhusu mtu yeyote kumsikia. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni. Na robo ya kwanza ya somo lako iwe ndiyo mazoezi yake ya wiki, bila lawama. Ukimwanzia na “hujafanya mazoezi tena”, unamwambia anachokijua na unaharibu saa nzima.

Wapo wavivu wa kweli, sikatai. Wengi wao ni wenye chumba chao na kinanda chao. Hao wape lengo dogo lenye tarehe, na wakiliacha mara kwa mara waulize kama bado wanataka kuimba, au kuna mtu mwingine nyumbani anayetaka waimbe. Mara nyingi ni huyo mwingine.

Fedha na saa huzaa ukorofi kuliko tabia. Nilipokuwa hapo nilikuwa na karatasi moja ya makubaliano, na kila mtu aliitia sahihi siku ya kwanza, jirani, mtoto wa mchungaji, wote. Malipo ni ya mwezi, yanatangulia, kwa M-Pesa. Anayeahirisha chini ya siku moja kabla, somo limehesabiwa. Anayechelewa anafundishwa dakika zilizobaki, na mwalimu akichelewa yeye anafidia. Ujumbe hujibiwa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Huo msongamano wa Outer Ring unaujua vizuri, kwa hiyo anayechelewa siku moja usimtazamie saa. Ila karatasi ikiwepo, huna haja ya kukasirika na yeyote, unamwonyesha alichokisaini. Na deni la mzazi lisifike masikioni mwa mtoto. Usimwambie “mwambie baba hajalipa”. Mtoto huyo atasimama kwenye kinanda akijiona ndiye deni.

Hili lifuatalo nakuandikia wewe kama mwanamume kijana anayefundisha watoto wa watu, nalo sitaki tulijadili. Usimguse mwanafunzi. Najua sisi tulifunzwa kupumua kwa mwalimu kuweka kiganja kwenye mbavu zetu. Acha hilo. Mwambie aweke mikono yake mwenyewe kwenye mbavu, au alale chali kwenye mkeka na kitabu juu ya tumbo, akione kikipanda na kushuka. Anajifunza vizuri zaidi, kwa kuwa anahisi mwili wake mwenyewe. Mlango uwe wazi wakati wote mtoto yumo. Usiandikiane ujumbe na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, andika kwa mzazi. Usimrekodi bila idhini ya mzazi iliyoandikwa, hata kama ni kwa ajili ya kumwonyesha alivyoendelea, kwa sababu tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 sauti na sura ya mtoto si vyako kusambaza. Na kipande alichokosea, kile kinachochekesha, kisiingie kwenye status yako.

Pia, mara chache, kimya cha mtoto kina jambo jingine kabisa. Kuimba kunalegeza mwili, na mtoto aliyelegea anaweza kusema neno ambalo hajamwambia mtu. Likitokea, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba utalificha, na usikimbilie kumwambia mtu wa nyumbani kabla hujajua ni nani anayemuumiza. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, na wao watakuelekeza. Namba hiyo ibandike ukutani karibu na ratiba.

Kuna watu wa kuachana nao, na hapo usisitesite. Anayekutukana, anayekutishia, anayekuja amelewa, anayemdhalilisha mwanafunzi mwenzake mlangoni. Mtu mzima akikupandishia sauti, simama, mwambie kwa sauti ya chini kuwa somo la leo limeishia hapo na mtazungumza kesho, kisha ufungue mlango. Kesho yake mwandikie yaliyotokea, kwa sentensi fupi, bila vivumishi. Likijirudia, unamaliza. Mrudishie fedha za masomo ambayo hajayapata, siku hiyo hiyo, na umtajie mahali pengine anapoweza kusoma. Kenya Conservatoire of Music iko mjini tangu 1944, ina walimu wengi, na pengine mwalimu mwingine atapatana naye. Kisha unyamaze. Vikundi vya sifa vya Donholm, Savannah, Umoja na Buruburu vinajuana, mpiga ngoma wa huku ndiye mpiga besi wa kule, na habari uliyomsimulia mmoja Jumatano itakuwa imerudi mlangoni kwako Jumapili. Mwanafunzi aliyefukuzwa kwa staha wakati mwingine humtuma mdogo wake kwako.

Nawe ujitazame. Umepanga wanafunzi Jumamosi kutoka asubuhi hadi jioni bila nafasi katikati. Nimeiona ratiba hiyo. Kijana anakuja saa nne ukiwa umeshafundisha wawili, hujanywa maji, sauti yako mwenyewe imeshachoka, na kimya chake kinakupata hapo. Weka dakika kumi kati ya mmoja na mwingine. Zima simu, kunywa maji, andika mistari miwili kuhusu aliyetoka: noti gani zilitoka, nini kilikwama, nini wiki ijayo. Daftari hilo litakusaidia mzazi akiuliza, na litakusaidia zaidi wewe, kwa kuwa mkono ukizoea kuandika “alibana taya kwenye mstari wa tatu”, ulimi nao unaacha kusema “huyu mtoto ni mgumu”.

Makubaliano nimeyaandika upya kwa Kiswahili rahisi, nikaongeza sehemu ya kurekodi na ile ya mlango wazi, na nimempa binti wa jirani anayesafiri kwa treni ya kesho. Atakupigia akifika. Mahali pa ada nimepaacha wazi. Usiandike kiasi nilichokuwa nikilipisha mimi, kodi ya nyumba hapo imepanda na wewe una maisha ya kujenga. Kaa na baba yako mpige hesabu kabla ya mwezi kuisha, kisha uwape wanafunzi taarifa ya mwezi mmoja. Msalimie sana, na umwambie zile dawa zake asizikatize.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye.